Mafuta mekundu: historia ya ngazi zetu, toka Lokutu na Yangambi mpaka dukani

Wenzangu, na nyinyi wadogo ambao mko bado chuoni, leo tuongee mafuta. Hapa Kisangani, mtu akipata mshahara wake wa kwanza, kitu kimoja kinabadilika haraka jikoni: mawese yanatoka, mafuta meupe ya dukani yanaingia. Ukiuliza juu ya nini, watakujibu eti mekundu ni ya kijijini, yanachafua nguo, yanaharibu moyo. Meupe ndiyo "safi". Hii akili haikuanguka toka mbinguni. Iko na historia, na sehemu kubwa ya hiyo historia ilipitia hapa kwetu Tshopo.

Mti wa ngazi haukuletwa na mzungu. Ni mti wa misitu ya Afrika ya magharibi na ya kati, na mababu walijua kuutumia zamani sana: unachemsha ngazi, unatwanga, unakamua, mafuta yanaelea juu ya maji. Walipika sombe na mawese, walikula mosaka. Hakuna aliyewaambia neno vitamini.

Tarehe 14 mwezi wa ine 1911, William Lever, Mwingereza mwenye sabuni ya Sunlight, alitia sahihi mkataba na serikali ya Ubelgiji. Alipewa duara tano juu ya karata ya Kongo, kila moja na kilometa 60 toka katikati mpaka ukingoni, na ruhusa ya kuchagua ndani yake mpaka hektari 750.000. Kampani ikaitwa Huileries du Congo Belge. Duara moja lilikuwa la Barumbu, kwetu, upande wa Basoko. Kituo chake kikaitwa Elisabetha, kwa jina la malkia. Leo tunapaita Lokutu. Wakata-ngazi walipanda miti kwa malipo madogo, mara mingi kwa kulazimishwa. Kule Kwango, mwaka 1931, Wapende waliasi, na bei ya ngazi iliyoshushwa ilikuwa kati ya sababu.

Lakini mimi kinachonishangaza zaidi ni rangi. Lever alitaka mafuta kwa ajili ya sabuni, na baadaye soko la margarini likakua. Mwaka 1929 kampani yake iliungana na watu wa margarini wa Uholanzi, ikazaliwa Unilever. Kwa kiwanda kama hicho, wekundu ni taabu. Basi wanapausha: mafuta yanapitishwa kwenye udongo maalum, halafu yanapashwa moto zaidi ya digrii 200 ili harufu iishe. Yanatoka yamepauka, hayana ladha. Ni kazi nzuri kabisa, kama unataka sabuni.

Kumbe ule wekundu ndio ulikuwa mali. Mwaka 1930 hivi, Mwingereza Thomas Moore alionyesha kwa panya kwamba karotini, ile rangi ya karoti, mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Ni rangi hiyohiyo inayofanya mawese kuwa mekundu. Mtoto akikosa vitamini A, haoni vizuri jioni, na surua ikimshika inamshika vibaya. Ndiyo maana kampeni za afya zinapita nyumba kwa nyumba na vidonge vya vitamini A kwa watoto chini ya miaka mitano. Tunapokea kidonge mlangoni, na jikoni tumeshafukuza chupa iliyo na kitu hichohicho.

Sasa Yangambi. INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya wakoloni, iliundwa mwaka 1933, na makao yake yakawa pale, kilometa mia moja hivi chini ya mto. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walitangaza kitu ambacho kila mwanafunzi wa agronomie anapashwa kujua: ukivusha dura, yenye kokwa nene, na pisifera, isiyo na ganda la kokwa, unapata tenera, yenye ganda jembamba na nyama mingi. Tenera inatoa mafuta karibu 30% zaidi ya dura. Mashamba makubwa ya Malesia na Indonesia yamesimama juu ya elimu hiyo. Sisi tulipata zairianisation ya 1973, halafu vita, mashamba yakarudi pori. Leo bidoni ya mafuta meupe inayopanda mto toka Kinshasa, mara mingi ni mawese ya Asia yaliyopaushwa. Tunanunua kwa bei kubwa ngazi iliyosomewa Yangambi, wakati wamama wanauza mekundu sokoni kwa glasi.

Na moyo? Hapo nisidanganye mtu: karibu nusu ya mafuta ya mawese ni mafuta mazito, yale yanayoganda. Usiogeleshe sombe. Lakini kama meupe yako ni mawese yaliyopaushwa, mafuta mazito yako mle vilevile, na karotini imeondoka. Kama ni ya alizeti au ya soya, hiyo ni hesabu nyingine, na kwa mtu mzima mwenye shida ya moyo nitasema chukua hayo. Kwa nyumba yenye watoto wadogo, mimi naweka mekundu.

Tena kuna wale wanaochemsha mawese mpaka moshi mweusi utoke na rangi ikimbie, ndipo wakaange ndizi. Wanafanya kazi ya kiwanda cha Lever bila mshahara. Tia mekundu kwenye sombe wakati majani yameshaiva, moto mdogo. Majani yenyewe yako na karotini, na bila mafuta mwili hauichukui vizuri.

Halafu onja kabla ya kununua. Mafuta yakikwaruza koo, ngazi zililala siku mingi kabla ya kuchemshwa. Kichane kigumu kinaachwa kioze kidogo ili ngazi zianguke zenyewe. Ni kazi nyepesi, lakini asidi inapanda kila siku. Ukichemsha mapema baada ya kukata, mafuta yanakuwa matamu na yanakaa. Wenzetu wenye malaxeur kule Yangambi na Isangi wanaweza kupanga siku ya kukata na siku ya kuchemsha zifuatane, na wauze mafuta hayo peke yake, yasichanganywe na ya ngazi zilizolala.