Kutuliza Kikohozi Bila Afyuni

Mteja akiniuliza dukani kwangu, hapa Tanga, kama dawa ya kifua anayonunua inalevya, simwoni msumbufu. Ana haki ya kuuliza, maana dawa za kikohozi zimewahi kutokana na afyuni.

Mwaka 1832 Mfaransa Pierre Robiquet alitenga kodini kutoka kwenye afyuni. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaanza kuuza heroini kama dawa ya kikohozi. Siwalaumu sana madaktari wa enzi hizo: kifua kikuu kiliua ovyo, na chochote kilichompa mgonjwa usingizi kilionekana neema. Lakini watu walishindwa kuiacha heroini, na mwaka 1924 Marekani ikaipiga marufuku.

Kilichofuata ndicho ninachokistaajabia. Wanakemia waliokuwa wakiunda dawa zinazofanana na mofini walikuta molekuli moja yenye maumbo mawili, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Umbo moja lilituliza maumivu na kumfanya mtu awe mteja wake wa kudumu. La pili halikufanya hivyo, ila lilizuia kikohozi. Hilo ndilo dekstromethofani, na mwaka 1958 Marekani iliruhusu iuzwe bila cheti cha daktari. Mwaka huohuo ikaidhinishwa benzonateti, ndugu wa dawa za ganzi, inayotia ganzi neva za mapafu zinazochochea kikohozi. Kapsuli yake humezwa nzima. Ukiitafuna, mdomo na koo hufa ganzi, na mtoto akiimeza kwa bahati mbaya anaweza kufa.

Kwa hiyo kuondoa afyuni hakukuondoa hatari. Vijana wa Marekani walibugia vidonge vya dekstromethofani vilivyoitwa Romilar ili walewe, hadi vikaondolewa madukani miaka ya 1970. Na mwaka 2007 watafiti wa Pennsylvania walipowapa watoto wenye mafua asali kabla ya kulala, wazazi waliipa asali alama za juu. Dekstromethofani waliyopewa wengine haikuonyesha nafuu ya maana kuliko kutopewa kitu.

Basi mzazi mwenzangu, usimgawie mtoto nusu kijiko cha dawa yako. Aliyetimiza mwaka mmoja mpe asali. Wa chini ya hapo usimpe kabisa, kwani inaweza kubeba vimelea vya sumu ya botulini. Akihema kwa shida, usije kwangu kwanza, mpeleke hospitali.