Mfuko wa Stakabadhi

Baba mkubwa alikuja kwenye kikao cha ukoo na mfuko wa nailoni uliojaa stakabadhi za kodi ya ardhi, zote kwa jina la marehemu babu. "Aliyelipa ndiye mwenye nyumba," alisema.

Nyumba yenyewe iko Mtendeni, Tabora, na ina mwembe uani. Shangazi, ambaye Mahakama ya Mwanzo ilimteua kuwa msimamizi wa mirathi, hakupandisha sauti. "Kaka, kodi ile ni deni la marehemu. Deni hulipwa kwanza, ndipo watu wagawane."

Katika mji huu, mrithi kugombana na watu kwa ajili ya kodi si jambo geni. Mwishoni mwa miaka ya 1850 Mnywasele alirithi utemi wa Unyanyembe kutoka kwa Fundikira. Wafanyabiashara Waarabu walizoea kuingiza bidhaa zao bila kutozwa. Yeye akataka walipe. Wakamwondoa kwa bunduki, akasimikwa Mkasiwa. Mnywasele aliendelea kupigana porini, akizifungia njia misafara yao, hadi alipouawa mwaka 1865. Wajerumani nao, miaka minne tu baada ya kumshinda Isike mwaka 1893, walitoa amri ya kodi ya nyumba. Safari hii aliyetozwa ni mwenyeji, kwa kibanda alichojijengea mwenyewe.

Sisi angalau tulikuwa na sheria. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini tu. Raia ana haki ya kuitumia, na kodi ni sharti mojawapo la haki hiyo. Kwa hiyo stakabadhi huthibitisha malipo, haizai umiliki. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu miliki kufutwa kodi isipolipwa. Baba mkubwa hakuinunua nyumba. Aliiokoa, wakati sisi wengine tukila maembe yake na kuondoka.

Nilipolisema hilo, kikao kilinyamaza.

Tukakubaliana kodi ya vyumba viwili vya mbele imwendee yeye hadi fedha zake zirudi, kisha kila mrithi apate fungu lake. Shangazi alihesabu stakabadhi moja moja, akaandika jumla, akamrudishia mfuko.

"Utunze, kaka," alimwambia. "Ya mwaka huu nitailipa mimi."

Baba mkubwa akaufunga fundo, taratibu.