Wanafunzi 20 juu ya stoo

Nina rafiki anayesoma shahada ya uzamili ya ukutubi. Kila akijitambulisha mbele za watu, swali ni lile lile: "Yaani miaka miwili unasomea kupanga vitabu?" Kuna jamaa kwenye harusi moja alimuuliza kama kuna mtihani wa kufuta vumbi. Yeye hucheka tu. Mimi nilimuuliza swali jingine, maana kuuliza ndiyo kazi inayonilisha: hao wa kwanza kabisa kusomea jambo hili darasani walikuwa kina nani, na walikuwa wanashinda wakifanya nini? Akaniambia nikatafute mwenyewe, yeye ana kazi ya kukabidhi Jumatatu. Basi nikatafuta.

Twende New York, Januari 1887. Columbia College, ambayo leo ni Columbia University, ilikuwa bado iko karibu na Madison Avenue na 49th Street, si pale ilipo sasa. Mkutubi mkuu alikuwa Melvil Dewey, ndiyo, huyo huyo wa zile namba unazoziona mgongoni mwa kitabu cha maktaba. Alikuwa na miaka 35. Mpaka wakati huo nchini Marekani ukutubi haukuwa na shule. Ulijifunza kwa kumfuata mkubwa, kama mtoto anavyokaa na fundi seremala mpaka mkono unazoea randa. Dewey akasema hapana, hii ni taaluma, ifundishwe chuoni kama sheria na udaktari. Bodi ya wadhamini ilikubali mwaka 1884, kwa sharti kwamba isiwagharimu.

Balaa likaja pale orodha ya wanafunzi ilipotoka. Walikuwa 20. Kati yao 17 walikuwa wanawake.

Columbia ilikuwa chuo cha wanaume. Barnard, chuo cha wanawake kilichokuja kuwa jirani yake, kilianza mwaka 1889. Kwa hiyo wadhamini wakaja juu: wanawake darasani kwetu? Haiwezekani. Wakakataa kumpa Dewey chumba. Kumbuka kwamba mtu huyu alikuwa ameshawachokoza mwaka 1883, alipoajiri maktabani wasichana sita waliomaliza Wellesley. Safari hii hakubishana. Ng'ambo ya barabara, juu ya kanisa dogo la chuo, kulikuwa na stoo. Akaisafisha, akakusanya viti na meza zilizokuwa zimetupwa, akazikarabati, akafungua shule. Ukutubi wa kisomo ulianzia hapo, stoo, kwa ubishi.

Sasa, siku yao ilikuwaje? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Mmoja wa wale 20, Mary Wright Plummer, aliandika mwaka huo huo wa 1887 maelezo ya shule kwa jicho la mwanafunzi. Mihadhara ilikuwa ya Dewey mwenyewe na ya wageni: wakutubi, wachapishaji, watu wa vitabu. Kulikuwa na matembezi ya kwenda kuona maktaba nyingine za jiji na karakana za kujalidi vitabu. Na kulikuwa na mazoezi ya kuorodhesha, kitabu baada ya kitabu, kadi baada ya kadi.

Na mwandiko! Msicheke. Mtu mzima amemaliza chuo, anakalishwa kujifunza kuandika a, b, ch. Lakini fikiria kidogo. Katalogi wakati huo ilikuwa droo zilizojaa kadi, na kadi ziliandikwa kwa mkono. Katika maktaba kubwa waandishi walikuwa wengi, leo wewe, kesho yule, mwaka kesho mwingine. Kila mmoja akija na mikunjo na mikia yake, msomaji ataumia macho na kitabu hakitapatikana. Kwa hiyo wakabuni mwandiko wa maktaba: herufi za mviringo, zilizosimama wima, bila madoido, zenye ukubwa ule ule. Suala hilo lilishajadiliwa kwenye mkutano wa chama cha wakutubi wa Marekani huko Lake George mwaka 1885. Lengo lilikuwa kwamba ukiangalia kadi usijue ni nani aliyeiandika. Sisi tunaoandika kila siku tukihangaika jina letu litokee juu ya habari, hebu tuwaze kazi ambayo ufundi wake ni kutoonekana kabisa.

Mashine za kuchapa zilikuja kuua mwandiko ule. Kadi zenyewe zikafuata: shirika la OCLC, ambalo ndilo linalomiliki mfumo wa Dewey tangu 1988, lilichapa kadi zake za mwisho Oktoba 2015.

Nikirudi kwa Dewey mwenyewe, sijui nimpende au nimchukie. Alikuwa mtu wa kubana muda na herufi. Alizaliwa Melville, akakata akabaki Melvil, na kuna wakati jina la ukoo aliliandika Dui. (Angezaliwa kwetu asingepata shida hiyo. Kiswahili tunakiandika kama kinavyosikika.) Aliwafungulia wanawake mlango wa chuo ambao wakubwa wake waliufunga. Lakini mwaka 1886, akiwahutubia wanawake wenye shahada kuwavuta waje kwenye ukutubi, alieleza bila haya kwa nini watalipwa pungufu: afya, kukosa uzoefu wa biashara, na kwamba mwanamume anaweza kunyanyua sanduku zito na kupanda ngazi. Kwa hiyo mlango ulifunguliwa na bei ikabandikwa hapo hapo. Fomu ya kuomba nafasi katika shule yake ilitaka urefu, uzito, rangi ya macho na ya nywele, pamoja na picha.

Hayo ya fomu yangeweza kupita kama vituko vya zamani, kama yangeishia hapo. Hayakuishia. Mwaka 1905 wanawake katika chama cha wakutubi walimlalamikia kwa kuwashikashika, na akasukumwa pembeni. Mwaka huo huo alikemewa na wakubwa wake wa jimbo la New York kwa sababu klabu yake ya mapumziko huko Lake Placid ilikataza Wayahudi. Mwaka 1930 alimlipa aliyekuwa katibu wake zaidi ya dola 2,000 kumaliza kesi ya mambo hayo hayo. Chama kile kilikuja kuliondoa jina lake kwenye medali yake mwaka 2019. Miaka 88 baada ya kifo chake. Wanawake waliosema mwaka 1905 walikuwa wameshakufa wote.

Columbia haikumvumilia. Novemba 1888 alisimamishwa, akajiuzulu, na mwaka 1889 akahamia Albany kwenye maktaba ya jimbo. Shule ikabebwa pamoja naye.

Lakini wale wanafunzi! Plummer aliongoza shule ya wakutubi ya Pratt huko Brooklyn, kisha akawa rais wa chama kizima mwaka 1915. Katharine Sharp, aliyemaliza Albany mwaka 1892, alianzisha shule Chicago mwaka uliofuata, nayo ikahamia chuo kikuu cha Illinois mwaka 1897. Mwaka 1899 akaingia Albany Edward Christopher Williams, Mmarekani Mweusi ambaye tayari alikuwa akiongoza maktaba ya chuo kikuu huko Cleveland. Kozi ilikuwa ya miaka miwili. Aliimaliza kwa mmoja. Columbia nayo iliirudisha shule mwaka 1926, bila stoo safari hii, kisha ikaifunga moja kwa moja mwaka 1992.

Kwetu shule ya wakutubi ya Afrika Mashariki ilianza Makerere mwaka 1963, na namba za Dewey zikaja pamoja na taaluma. Nenda Maktaba Kuu pale Bibi Titi, Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, uangalie rafu za fasihi. Kundi zima la 800 ni fasihi. 820 ni Kiingereza, 830 Kijerumani, 840 Kifaransa. Kilatini, ambacho hakuna mtu anayekigombania sokoni, kina 870 peke yake. Halafu 890 ni "lugha nyingine", yaani sisi na sehemu kubwa ya dunia tumebanana humo. Kiswahili ni 896.392. Shaaban Robert, na mashairi yake yote, anaanzia baada ya nukta. Kwenye dini ni hivyo hivyo: Ukristo ulipewa 220 mpaka 280, Uislamu ukapata 297. Mtu aliyepanga hivi mwaka 1876 alikuwa kijana wa miaka 24 huko Massachusetts, akitazama rafu zilizokuwa mbele ya macho yake. Kuzipangua leo maana yake ni kubandika upya namba kwenye mamilioni ya vitabu, ndiyo maana wahariri wa mfumo huo huwa wanatia viraka badala ya kushona nguo mpya.

Rafiki yangu anayajua haya ya namba kuliko mimi, ni sehemu ya masomo yake, na anayo hasira nayo ya kutosha. Nilipomsimulia habari za stoo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ilikuwa na dirisha. Chumba chao cha mazoezi ya kuorodhesha hakina.