Irabu Zilivyogeuka katika Jina la Kingsbury

Kingsbury, mtaa wa kaskazini-magharibi mwa London, umepata jina lake kutokana na maneno mawili ya Kiingereza cha Kale: cyning, yaani mfalme, na byrig, yaani ngome. Irabu y katika maneno yote mawili ilianza ikiwa u. Lugha iliyozaa Kiingereza ilisema kuningaz. Kifini, kilichoazima neno hilo zamani mno, mpaka leo husema kuningas.

Kilichoigeuza u ni i iliyoifuata. Ulimi ulijiandaa mapema kwa i, ukasogea mbele ya kinywa, huku midomo ikibaki imeviringwa. Sauti iliyozaliwa inafanana na ile ambayo Mfaransa hutamka katika tu, maana yake "wewe". Vivyo hivyo burh, umbo la msingi la neno la ngome, ilipopewa mwisho wenye i kuonyesha mahali, ikawa byrig.

Wanormani, waliosema Kifaransa, waliiteka Uingereza mwaka 1066. Katika orodha ya ardhi ya mwaka 1086, makarani waliandika Chingesberie, ch ikisimama badala ya k. Baadaye midomo ikaacha kuviringwa: sehemu nyingi y ikawa i, na ndiyo maana mfalme ni king. Kusini-mashariki ikawa e, ilhali magharibi maandishi yalishika u. Tahajia ya bury basi ina u ya magharibi, na neno likisimama peke yake, matamshi yana e ya kusini-mashariki. Mgeni anayesoma kibao cha kituo cha treni ana kila sababu ya kukosea.

Kifaransa nacho kilipitia mengi. Shadda ndiyo iliyoamua hatima ya irabu: katika mourir, "kufa", shina halina shadda nalo lina ou, katika meurt, "anakufa", shina lina shadda na irabu ikawa eu. Factum ya Kilatini ikawa fait. A na i zikaungana kuwa e, kama ma- na -ino zinavyozaa meno katika Kiswahili.

Mageuzi hayo yanaendelea Kingsbury kwenyewe. Waasia wengi kutoka Kenya na Uganda walihamia Uingereza, baadhi yao Kingsbury, mwishoni mwa miaka ya 1960 na baada ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, kuwafukuza wale wa Uganda mwaka 1972, nao walikuja na muhogo. Katika Kigujarati, lugha ya wengi wao, huitwa mogo: h imedondoka, u ikajikuta uso kwa uso na o, nayo o ikaimeza.