Leza yapima sodiamu katika moto wa makaa ya mawe

Makaa ya mawe si kaboni pekee. Ndani yake mna pia sodiamu na potasiamu, ziitwazo metali za alkali, ambazo hugeuka mvuke makaa yanapoungua.

Katika vituo vya kufua umeme, mvuke huo hupanda pamoja na moshi, hupoa, kisha huganda juu ya mabomba ya boila. Hapo hunasa majivu, hujenga tabaka gumu linalozuia joto, na chuma huanza kulika. Hatimaye mtambo hulazimika kuzimwa ili usafishwe.

Tatizo hili limewasumbua hasa watumiaji wa makaa ya Zhundong, katika jimbo la Xinjiang nchini China, ambayo yana sodiamu nyingi kupita kawaida.

Kupima bila kugusa

Kuvuta moshi kwa mrija hakutoshi, kwani mvuke huganda njiani kabla ya kupimwa. Mwanga wa leza, kinyume chake, huingia motoni bila kuuvuruga.

Mbinu ya kwanza hutegemea rangi. Atomu ya sodiamu hufyonza na kutoa nuru ya manjano yenye urefu wa wimbi wa nanomita 589 hivi, ile ile ionekanayo chumvi inapomwagikia motoni. Leza ya rangi hiyo ikielekezwa kwenye mvuke, atomu hung'aa na kamera huzipiga picha. Hata hivyo, huonekana atomu zilizo huru tu, si zile zilizoungana na klorini au oksijeni.

Mbinu ya pili hutumia mpigo mkali wa leza unaozivunja molekuli zote kuwa atomu, hivyo sodiamu yote hupimwa kwa pamoja.

Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, walichapisha vipimo vya atomu za sodiamu juu ya chembe moja ya makaa iliyokuwa ikiungua. Utafiti wa namna hii umeonyesha kuwa sodiamu haitoki kwa mkupuo mmoja: huanza gesi za makaa zinapowaka, huendelea kaa linapoteketea, na hata majivu yakiwa yamebaki peke yake bado huitoa.

Ujuzi huo una manufaa. Mhandisi anayejua wakati wa mvuke kutoka aweza kupanga joto la tanuri, kuchanganya makaa, au kuongeza udongo wa kaolini, ambao huinasa sodiamu kabla haijafika kwenye mabomba.