Tanga la Pwani Katika Upepo wa Ziwa: Historia ya Mashua za Ghuba ya Winam

Tanga si kitu cha kale katika Ziwa Victoria. Jambo hili huwashangaza wengi, kwa kuwa mvuvi wa Ghuba ya Winam na tanga lake la pembe tatu wameonekana pamoja kwa muda mrefu hata ikawa vigumu kumfikiria mmoja bila ya mwenziwe. Hata hivyo, maandishi ya karne ya 19 yaonyesha kuwa wenyeji wa ziwa hili, ambao ufundi wao wa kuunda mitumbwi ulikuwa wa hali ya juu, walisafiri kwa makafi. Tanga liliwafikia kutoka pwani kwa njia ya nchi kavu katika nusu ya pili ya karne hiyo. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini lilichelewa, lilifika kwa mikono ya nani, na kwa nini, baada ya kufika, halikubaki mali ya wale waliolileta.

Yafaa kwanza kuutazama mtumbwi uliokuwapo. Mafundi wa Buganda na wa visiwa vya Ssese waliuunda mtumbwi mrefu juu ya gogo moja lililochongwa likawa mkuku, kisha wakaongeza mbao ubavuni na kuzishona kwa nyuzi za mimea. Omo lake lilichomoza mbele na mara nyingine lilipambwa kwa pembe za mnyama. H. M. Stanley, alipokuwa mgeni wa Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1875, aliona mamia ya mitumbwi ya namna hiyo ikikusanywa kwa vita dhidi ya watu wa Buvuma. Wanamaji wenye uwezo wa kukusanya kundi kubwa kiasi hicho hawawezi kusemwa kuwa hawakuujua ufundi wa majini.

Huenda mtu akadhani kuwa chombo cha kushonwa hakiwezi kustahimili mlingoti. Dhana hii inavunjwa na historia ya pwani yenyewe. Mtepe wa Lamu na visiwa vya jirani ulishonwa kwa kamba za makumbi, usitiwe msumari hata mmoja, na juu ya hayo ulitweka tanga la mkeka na kusafiri bahari kuu. Kwa hiyo sababu haikuwa kushonwa kwa mbao. Yaelekea zaidi kuwa sababu ilikuwa katika mpango wa jamii. Mtumbwi wa vita wa Buganda ulikuwa chombo cha dola. Nguvu yake ilikuwa wapiga makafi wengi waliopatikana kwa amri ya mtawala, nao wakifika mahali pa vita waligeuka kuwa askari. Mtawala aliyekuwa na watu wengi hakuwa na haja kubwa ya upepo, ambao hautii amri ya mtu. Tanga huwafaa zaidi wenye watu wachache: mfanyabiashara mwenye mzigo mzito na mabaharia haba, au mvuvi mwenye wanawe wawili.

Na kweli, waliolileta tanga ziwani walikuwa watu wa namna hiyo. Mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu aliyeitwa Songoro, aliyekaa Kageyi, kusini mwa ziwa, alikuwa akiunda jahazi huko Ukerewe katika miaka ya 1870. Stanley mwenyewe alifika Kageyi mwezi wa Februari 1875, akiwa na mashua yake Lady Alice, iliyoundwa Teddington, Uingereza, na kuchukuliwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi tangu Bagamoyo. Tarehe 8 Machi alianza safari ya kulizunguka ziwa, akarejea baada ya siku 57. Vitabu vingi humtaja yeye peke yake, lakini waliovuta makasia na kushika usukani walikuwa Waungwana wa Unguja, watu waliozaliwa au kukulia katika desturi za bahari. Ujuzi wa pwani ulikwenda bara pamoja nao.

Si haki kuificha hali ambayo tanga liliingia nayo. Jahazi la Songoro lilikuwa chombo cha biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Stanley naye, baada ya kugombana na watu wa kisiwa cha Bumbire mwezi wa Aprili 1875, ambako alinyang'anywa makasia na mabaharia wake wakalazimika kung'oa mbao za sakafu ya mashua ili kuzitumia kama makafi, alirudi mwezi wa Agosti mwaka huo huo akawapiga risasi watu wengi wa kisiwa hicho. Mwezi wa Desemba 1877, katika ugomvi baina ya Songoro na Lukonge, mtawala wa Ukerewe, Songoro aliuawa pamoja na wamisheni wawili wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill. Kwa mtu wa ufukweni wa miaka hiyo, tanga jeupe lililochomoza upeoni lingeweza kuwa habari ya bidhaa, na lingeweza kuwa habari ya msiba. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba wenyeji walipewa tanga na wageni wakalipokea kwa shukrani. Ilibidi kwanza litengwe na bunduki na mnyororo.

Utengano huo ulikuja kwa mabadiliko ya karne ya 20. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Mnamo mwaka 1905 nyavu za nyuzi za kitani zilianza kutumiwa katika Ghuba ya Winam, nazo zilipata samaki wengi kuliko mitego ya zamani iliyowekwa karibu na ufuko. Nyavu hizo zilimvuta mvuvi aende mbali zaidi kutoka nchi kavu, na samaki aliyevuliwa mbali alihitaji kufikishwa sokoni kabla hajaoza. Misumari, kitambaa cha pamba na kamba zilipatikana madukani, na majahazi ya wafanyabiashara yalikuwa yakipita mbele ya macho ya wavuvi. Hapo ndipo mvuvi Mjaluo alipolichukua tanga la pembe tatu akaliweka juu ya mashua yake ya mbao. Chombo kilichokuwa cha tajiri na mpelelezi kikawa cha mtu wa kawaida.

Lakini hakulichukua kama lilivyokuwa. Tanga la pwani limezaliwa katika upepo wa mwaka. Kaskazi huvuma miezi kadhaa kutoka upande wa Bara Arabu na Bara Hindi, kisha kusi huvuma miezi mingine kwa kuelekea huko. Nahodha hungoja msimu kama mkulima angojavyo mvua. Ziwani hakuna subira ya namna hiyo, kwa sababu upepo wake mkuu ni wa siku. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na hewa hutiririka kutoka ufukoni kwenda ziwani hadi asubuhi. Jua likipanda, nchi hupata joto kuliko maji, na baada ya adhuhuri upepo hugeuka ukavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Ghuba ya Winam, ambayo mdomo wake umeelekea magharibi na Kisumu iko ndani kabisa upande wa mashariki, yafaa mno kwa utaratibu huo. Mvuvi wa upande wa Kisumu huondoka kabla ya mapambazuko akisukumwa na upepo wa nchi, akavua, akangoja utulivu wa katikati ya siku upite, kisha akatweka tanga lake alasiri na kurudishwa nyumbani na upepo wa ziwa.

Hivyo mvuvi huyo aliweza kwenda na kurudi akiwa na upepo nyuma yake. Hakuhitaji foromali nzito wala mabaharia wengi wa kuihamisha kutoka upande mmoja wa mlingoti hadi wa pili. Alihitaji kitu kingine: kujua saa. Aliyechelewa kurudi alihatarisha maisha yake kwa dhoruba za jioni, ambazo huja ghafla na kuinua mawimbi mafupi yenye nguvu. Elimu ya tanga, ambayo pwani ni elimu ya miezi na nyota, huku ikawa elimu ya saa na mawingu.

Tofauti hii ina maana kwa mtaalamu wa lugha. Kamusi za Krapf (1882) na Sacleux (1939) zimehifadhi msamiati mpana wa ubaharia wa pwani. Katika msamiati huo neno demani lina maana zaidi ya moja: ni kamba ya kuongozea tanga, ni upande wa chombo usiopigwa na upepo, kinyume cha joshi, na tena ni majira ya mwisho wa kusi, upepo unapopungua ukali. Maana zote hukaa pamoja katika akili ya baharia wa Lamu au Unguja. Ziwani kamba ipo, na upande usiopigwa na upepo upo, lakini majira hayo hayapo. Kifaa husafiri na jina lake, lakini hali ya hewa haisafiri. Anayelichukua tanga hana budi kuutafutia upepo wake maneno katika lugha yake mwenyewe. Maneno hayo ya Kijaluo, Kisuba, Kikerewe na Kiganda ndiyo ushahidi bora wa kazi waliyoifanya wavuvi.

Ushahidi huo unapungua. Injini za nje zilianza kutumika ziwani katika miaka ya 1950. Samaki aitwaye sangara, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alileta katika miaka ya 1980 biashara ya viwanda inayotaka mwendo wa haraka. Katika miaka ya 1990 gugumaji lilifunika sehemu kubwa za ghuba, likazifungia mashua za tanga na za injini pwani bila ya kubagua. Hata leo matanga bado yaonekana, mengine yakiwa yameshonwa kwa magunia ya plastiki, hasa kwa wale wasiomudu bei ya petroli. Lakini kijana anayejifunza uvuvi kwa injini hana haja ya kujifunza saa ya upepo kugeuka, na akishaacha kuijifunza, jina lake nalo halitatamkwa.

Historia ya tanga la Winam haiwezi basi kumalizikia kwa Songoro na Stanley, kwa kuwa hao walileta mlingoti na kitambaa tu. Waliolifanya tanga kuwa la ziwa ni wavuvi ambao majina yao hayakuandikwa, na maandishi yao ni maneno wanayoyatumia wazee wa fukwe za Kisumu, Homa Bay, Mbita na Rusinga. Kazi ya kuyakusanya maneno hayo ni ya wanafunzi wa lugha, nayo haiwezi kungoja mpaka tanga la mwisho litakapotuliwa.