Taarifa za Ndani: Istilahi ya Soko la Hisa kwa Msomaji wa Ifakara

Chukua karani wa mashine ya kukoboa mpunga pale Ifakara. Bosi wake amemnong'oneza kwamba wiki ijayo tajiri kutoka Dar es Salaam atanunua kila gunia kwa bei ya juu. Jioni hiyohiyo karani anawazungukia wakulima waliohifadhi mpunga kwenye ghala lile na kuununua kwa bei ya leo. Tajiri akifika, anamuuzia. Wakulima hawakuibiwa gunia hata moja, ila wamepunjwa na mtu waliyemwachia mali yao. Lipeleke tendo hilo kwenye soko la hisa, utapata kosa linalokatazwa na Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994: biashara ya hisa kwa taarifa za ndani.

Kosa hili lina nguzo tatu. Ya kwanza ni taarifa yenyewe: iwe mahususi, iwe haijatangazwa, na ikitangazwa itikise bei. Kwamba mkurugenzi amehama nyumba ni habari ya ndani, lakini haitikisi kitu. Ya pili ni amana: mhusika ameipata kwa kazi au uaminifu aliopewa, au amepenyezewa na aliyeaminiwa. Mfanyabiashara aliyefika Mngeta na Mlimba, akaona mashamba yamefurika, kisha akanunua mchele mapema, hajavunja amana ya mtu. Ya tatu ni muamala: kununua, kuuza, au kumpenyezea mwingine.

Kampuni za dawa za mfumo wa neva ni mfano mzuri, kwa kuwa thamani yake huweza kutegemea dawa moja tu. Fenobabito, waliyotibiwa nayo wagonjwa wa kifafa huko Mahenge, juu ya bonde la Kilombero, tangu Dkt. Louise Jilek-Aall aanzishe kliniki yake mwaka 1960, iliingia sokoni mwaka 1912. Haina tena siri ya kumtajirisha mtu. Dawa mpya ni jambo jingine. Februari 2021, Jazz Pharmaceuticals ilitangaza kuinunua GW Pharmaceuticals, watengenezaji wa dawa ya kifafa itokanayo na bangi, kwa dola bilioni 7.2 hivi. Bei iliyotolewa kwa wenye hisa ilizidi ile ya sokoni kwa karibu nusu. Habari ya aina hiyo, hata ikijulikana siku moja tu mapema, ni mali.

Mathew Martoma aliionja mali hiyo Marekani. Julai 2008, profesa wa neva aliyekuwa akisimamia usalama wa jaribio la bapineuzumab, dawa ya Alzheimer ya kampuni za Elan na Wyeth, alimpenyezea matokeo yasiyoridhisha. SAC, kampuni ya uwekezaji aliyoitumikia Martoma, ikauza hisa zake kabla ya tangazo. Faida pamoja na hasara iliyokwepwa vilifika dola milioni 275 hivi. Mwaka 2014 alihukumiwa kifungo cha miaka 9.

Martoma hakuwa mwajiriwa wa Elan wala wa Wyeth. Ndiyo maana "biashara ya mtu wa ndani" ni tafsiri pungufu ya istilahi ya Kiingereza "insider trading": inaangalia cheo, ilhali sheria inaangalia taarifa. Tena inawachafua wasio na kosa. Mkurugenzi wa Marekani anayenunua hisa za kampuni yake bila kuficha kitu, akaripoti ndani ya siku mbili za kazi, ni mtu wa ndani na hajakosea. Wake tuuite muamala wa mtu wa ndani. "Ulanguzi" nao haufai, maana mlanguzi huficha bidhaa.

Tofauti hii ya cheo na taarifa inatugusa. Kituo cha Bagamoyo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilishiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009. Mwenye chanjo hiyo ni GSK, ambayo hisa zake huuzwa London. Mchambuzi wa takwimu anayeyaona matokeo ya jaribio kama hilo kabla hayajatangazwa amebeba taarifa za ndani, hata kama hajawahi kumiliki hisa. Akimpigia simu shemeji yake aliyeko Uingereza, na shemeji akauza, wote wawili wana kesi ya kujibu.